IBN AL-BAWWAB: MTOTO WA BAWABU ALIYEIPAMBA KALAMU

Wanafunzi wetu wapenzi, tunapofungua msahafu tunakuta herufi zilizonyooka, zenye vipimo sawa, hata mtoto anayeanza juzuu Amma huzitambua. Unyoofu huo haukuja wenyewe. Miongoni mwa walioutaabikia ni Abul-Hasan Ali bin Hilal wa Baghdad. Baba yake alikuwa mlinda mlango, ndiyo maana akajulikana kwa jina la Ibn al-Bawwab, yaani mtoto wa bawabu.

Kazi zake

Hakuanza na kalamu. Kwanza alikuwa fundi wa kupamba nyumba, kisha akatia nakshi vitabuni, na mwisho akashika uandishi wa khati. Alisoma kwa Muhammad bin Asad, aliyefuata njia ya Ibn Muqla, waziri aliyeweka kanuni ya kupima herufi kwa nukta za kalamu. Ibn al-Bawwab aliichukua kanuni hiyo akaizidishia uzuri na ulaini.

Alihifadhi Qur'ani, na inasimuliwa kuwa aliiandika kwa mkono wake mara 64. Msahafu mmoja, alioumaliza Baghdad mwaka 391 Hijriya (1000-1001 Miladiya), upo hadi leo katika maktaba ya Chester Beatty mjini Dublin, Ireland. Pamoja na kazi hiyo, alikuwa akiwapa watu mawaidha katika msikiti wa al-Mansur, Baghdad.

Juzuu iliyopotea

Yaqut al-Hamawi amesimulia kwamba Ibn al-Bawwab aliwahi kusimamia maktaba ya mtawala Baha al-Dawla huko Shiraz. Humo alikuta juzuu 29 za msahafu ulioandikwa na Ibn Muqla, zimetawanyika katikati ya vitabu. Moja haikuonekana. Akaahidi kuiandika, kwa sharti kwamba mtawala akishindwa kuitambua, atampa dinari 100 na joho la heshima. Alitafuta karatasi kuukuu zinazofanana, akaandika, akatia dhahabu, akaifunga kwa jalada la zamani. Mtawala alizipekua juzuu zote 30, moja baada ya moja, asiijue ipi ni mpya.

Hata hivyo, ahadi haikutimizwa. Ibn al-Bawwab hakugombana. Aliomba apewe karatasi tupu zilizokuwa maktabani, akapewa, nazo zikamtosha kuandikia kwa miaka.

Thamani iliyochelewa

Imesimuliwa pia kuwa alimwandikia mkubwa mmoja barua ya mistari kama 70, akimwombea rafiki yake jambo lenye thamani ya kama dinari 2 tu. Baada ya kufa kwake, barua hiyo iliuzwa dinari 17, kisha 25. Alifariki Baghdad mwaka 413 Hijriya (1022 Miladiya), akazikwa karibu na kaburi la Imam Ahmad bin Hanbal.

Mafunzo tunayopata

Kwanza, kazi ya baba haimzuii mtoto kufika mbali. Pili, ufundi mdogo ni ngazi ya ufundi mkubwa. Mkono uliopaka rangi kuta ndio ulioandika misahafu. Tatu, aliponyimwa ujira hakuiacha kazi yake, bali alitafuta cha kuiendeleza. Nne, alitumia kipaji chake kumsemea mwenziwe. Basi anayepewa ubao aandike, asiparaze.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.