Idi Amin, maharusi wake na kitambaa cha magendo

Jumamosi iliyopita harusi ilipita hapa Wanyange ikielekea Jinja. Gauni la bi harusi lilikuwa refu hata wasimamizi wawili walilibeba nyuma. Nilikumbuka gauni la mama yangu, kisha nikamkumbuka Idi Amin Dada. Usishangae, ndugu msomaji. Maisha ya mtu huyo yanaweza kusimuliwa kwa nguo za wanawake.

Amin alijiunga na jeshi la King's African Rifles mwaka 1946, akapanda ngazi kwa nguvu za mwili na ndondi. Mke wake wa kwanza aliyejulikana, Malyamu, alikuwa binti wa huku kwetu Busoga, dada yake Wanume Kibedi. Mwaka 1966 Amin akamwoa Kay Adroa, binti wa mchungaji aliyesoma Makerere, na siku hiyo Kay alivaa gauni jeupe la harusi. Baadaye alimwoa Nora, kisha Madina.

Januari 25, 1971 alimpindua Milton Obote. Mwaka uliofuata alipiga marufuku sketi fupi, na Agosti mwaka huo huo akawapa Waasia siku 90 waondoke. Jinja na Mbale zilipoteza wenye maduka ya vitambaa na mafundi cherehani wengi. Maduka waligawiwa wanajeshi na marafiki zao, wale walioitwa mafuta mingi. Bidhaa zilipokwisha rafuni, wengi hawakujua kuagiza nyingine. Hapo ndipo magendo yalipostawi Busia na Malaba.

Machi 1974 aliwataliki Malyamu, Kay na Nora kwa mpigo mmoja, na nchi ikasikia habari hiyo redioni. Muda si mrefu Malyamu alikamatwa Tororo, akishtakiwa kuvusha jora la kitambaa kwenda Kenya kwa magendo. Wafanyabiashara wa mpakani watalielewa jambo hili kuliko mimi. Agosti mwaka huo huo mwili wa Kay ulikutwa umekatwa vipande ndani ya buti la gari.

Mwaka mmoja tu baadaye, 1975, marais wa Afrika walikutana Kampala kwa mkutano wa OAU. Tanzania, Zambia na Botswana zilikataa kuja. Wakati huo huo Amin alimwoa Sarah Kyolaba, msichana wa bendi ya kikosi cha Suicide, kwa sherehe kubwa. Keki na shela vilionekana mbele ya wageni, huku mwananchi wa kawaida akitafuta sukari, sabuni na chumvi.

Mama yangu aliolewa mwaka 1976. Kitambaa cha gauni lake kilitoka Kenya kupitia Busia, chini ya gunia la vitunguu. Halikuwa gauni la mtu mmoja. Baada yake liliazimwa na wengine, likipunguzwa kiuno hapa na kuongezwa pindo pale. Mwaka 1977 wazazi wangu walivuka mpaka na kuliacha nyuma. Mimi nilizaliwa na kusomea ng'ambo hiyo.

Amin alivamia Kagera Oktoba 1978. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, na Jinja siku chache baadaye. Alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, akafariki Jeddah Agosti 16, 2003, bila kuhukumiwa na mahakama yoyote.

Niliporudi kufundisha hapa, bibi mmoja jirani aliniambia kuwa yeye alikuwa bi harusi wa sita kulivaa gauni la mama. Lilimbana mabegani, lakini hakujali.

Wanafunzi wangu humjua Amin kama kichekesho cha sinema. Mimi huwaambia waanze na vitambaa: nani alivaa kwa fahari, nani aliazima, na nani alikamatwa na jora mpakani. Wanaovuka Busia leo na robota zilizolipiwa ushuru, wawasimulie watoto wao pia.