Dk. Kotnis: Mhindi aliyewatibu majeruhi wa China hadi kifo

MWAKA 1946, watazamaji wa sinema nchini India walionyeshwa maisha ya daktari kijana aliyekwenda kutibu majeruhi wa vita China na asirudi tena nyumbani.

Filamu hiyo, Dr. Kotnis Ki Amar Kahani, iliongozwa na V. Shantaram, ambaye pia aliigiza nafasi ya daktari huyo.

Dwarkanath Kotnis alizaliwa Oktoba 10, 1910 mjini Solapur, magharibi mwa India, na kusomea udaktari Bombay, jiji ambalo sasa linaitwa Mumbai.

Baada ya Japani kuivamia China mwaka 1937, Jenerali Zhu De wa China alimwomba Jawaharlal Nehru msaada wa madaktari. Mwaka 1938 chama cha Congress kilipeleka watano, ingawa India yenyewe ilikuwa bado ikitawaliwa na Uingereza. Kotnis alikuwa miongoni mwao.

Akiwa huko ugenini alipata habari za msiba wa baba yake. Alikuwa na kila sababu ya kurejea kuifariji familia, lakini aliamua kuendelea na safari. Mapema mwaka 1939 alifika Yan'an, makao makuu ya Wakomunisti, na baadaye akaenda kwenye uwanja wa vita kaskazini mwa nchi.

Huko alijifunza Kichina, akafundisha wauguzi na madaktari, na katika mapigano ya mwaka 1940 alifanya upasuaji kwa siku tatu mfululizo bila kulala. Mwaka 1941 alikabidhiwa uongozi wa hospitali iliyopewa jina la Norman Bethune, daktari wa Canada aliyefariki dunia akiwahudumia wapiganaji hao hao.

Mwishoni mwa mwaka huo alimwoa muuguzi Guo Qinglan. Mtoto wao wa kiume, aliyezaliwa Agosti 1942, aliitwa Yinhua, jina linalounganisha India na China.

Furaha hiyo haikudumu. Kazi nzito na maisha ya dhiki vilikuwa vimemdhoofisha, na Desemba 9, 1942 kifafa kilimuua akiwa na umri wa miaka 32. Alimwacha mwanawe akiwa hajatimiza miezi minne.

Wenzake wanne walirejea India. Yeye amelala katika makaburi ya mashujaa mjini Shijiazhuang, ambako Wachina humkumbuka kwa jina walilompa, Ke Dihua.