Doppler: Mtoto wa fundi mawe aliyewaachia madaktari kipimo cha damu

Christian Doppler alizaliwa mwaka 1803 Salzburg, Austria ya leo, kwenye ukoo wa mafundi mawe. Afya ilimgomea, akaacha nyundo akashika hesabu.

Mwaka 1842, akiwa Prague na akili yake ikiwa kwenye nyota, alieleza kuwa mawimbi hubadilika chanzo kikikusogelea au kikienda mbali, kama honi ya gari linalokupita. Wapo waliompinga vikali. Alifariki Venice mwaka 1853 kwa maradhi ya mapafu, ana miaka 49 tu.

Leo ultrasaundi hurusha mawimbi ya sauti mshipani, chembe nyekundu zinayarudisha yamebadilika. Hapo inapatikana kasi ya damu. Ukizidisha na eneo la tundu la mshipa, unajua damu kiasi gani inapita kwa dakika. Doppler hakuwahi kuiona mashine hiyo.