Caroline Herschel, mtumishi wa nyumbani aliyepanga orodha ya anga

Caroline Herschel alizaliwa tarehe 16 Machi 1750 mjini Hannover, Ujerumani, katika familia ya mwanamuziki wa jeshi. Akiwa na umri wa miaka 10 aliugua homa kali iliyodumaza mwili wake, hata utu uzimani kimo chake kilikuwa sentimita 130 hivi. Nyumbani waliona hataolewa, na mama yake akataka abaki kuwa mtumishi wa familia.

Mwaka 1772 kaka yake William, mwanamuziki huko Bath, Uingereza, alikuja kumchukua. Mama aliridhia baada ya William kukubali kulipia mtumishi mwingine. Huko Bath Caroline alijifunza kuimba na hesabu, akamsaidia kaka yake kutengeneza darubini. William alipogundua sayari ya Uranus mwaka 1781, Mfalme George III alimpa mshahara, na kazi ya muziki ikaachwa.

Caroline naye alipewa darubini ndogo. Usiku wa tarehe 23 Septemba 1783 aliona doa la mwanga upande wa kusini, chini karibu na upeo wa macho. Halikuwemo katika orodha ya Mfaransa Charles Messier, yenye vitu 103. Leo inajulikana kuwa lile doa ni galaksi, mkusanyiko wa nyota zisizohesabika, yenye mikono iliyojizungusha kama ganda la konokono. Mwanga wake husafiri takriban miaka milioni 11 kutufikia.

Ugunduzi wa aina hiyo ulimwonyesha William kwamba mengi angani hayajaandikwa. Akaanza kulipekua anga kwa darubini kubwa. Yeye alitaja anachokiona. Caroline, akiwa mezani na saa, aliandika wakati na mahali. Mchana alikokotoa na kunakili upya. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1783, akikimbia gizani kwenye theluji, ndoana ya chuma ilimchoma mguuni juu ya goti. Alipopona alirudi kazini. Kwa miaka 20 hivi ndugu hao waliorodhesha vitu 2,500.

Mwaka 1787 mfalme alianza kumlipa Caroline pauni 50 kwa mwaka. Zilikuwa fedha za kwanza maishani mwake alizojiona huru kuzitumia apendavyo. Kati ya 1786 na 1797 aligundua kometi 8, yaani nyota zenye mkia.

William alifariki mwaka 1822, na Caroline akarudi Hannover. Orodha za kaka yake zilikuwa na kasoro moja: vitu vilipangwa kwa makundi na kwa tarehe ya kuonekana, si kwa mahali vilipo angani. Aliyetaka kuvitafuta tena alipata taabu. Caroline, akiwa na zaidi ya miaka 70, alivipanga vyote upya, eneo moja la anga baada ya jingine, ili John, mtoto wa William, aweze kuvikagua. Kwa kazi hiyo alitunukiwa medali ya dhahabu ya wanaastronomia wa Uingereza mwaka 1828. Mwanamke wa pili kuipata alisubiri hadi 1996.

John alikagua vitu hivyo, kisha akaenda Rasi ya Tumaini Jema, ambako kuanzia 1834 hadi 1838 aliorodhesha anga la kusini. Mwaka 1864 alitoa orodha moja ya yote, na mwaka 1888 John Dreyer akaipanua hadi vitu 7,840. Orodha ya Dreyer inatumika hadi leo, na humo galaksi ya Caroline inaitwa NGC 253.

Caroline alifariki tarehe 9 Januari 1848, akiwa na miaka 97. Galaksi aliyoiona kwa shida kutoka Uingereza husimama juu sana katika anga la Afrika Mashariki jioni za Oktoba na Novemba, na penye giza la kutosha darubini ya mkononi inatosha kuionyesha.