IBN AL-NAFIS: MGANGA ALIYEIJUA NJIA YA DAMU



Ndugu Mwislamu, leo utakapofunga mikono kifuani katika sala, moyo wako utakuwa unapiga chini ya mikono yako. Tangu ulipokuwa tumboni mwa mama yako haujapumzika hata dakika moja. Je, umekwisha kujiuliza damu yake inapita njia gani? Mtu wa kwanza tunayemjua aliyeeleza vizuri safari ya damu kati ya moyo na mapafu alikuwa Mwislamu, tena mwalimu wa fiqhi. Jina lake ni Ala al-Din Ali, mashuhuri kwa jina la Ibn al-Nafis.

Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 13 katika nchi ya Sham, upande wa Damascus. Elimu ya tiba aliisoma katika hospitali ya Nuri ya mji huo, kwa mwalimu aliyeitwa al-Dakhwar. Kisha alihamia Kairo, Misri. Huko alikuwa mkubwa wa waganga, akamtibu hata Sultani Baybars. Pamoja na kazi hiyo alifundisha fiqhi ya madhehebu ya Shafii katika madrasa. Hakuona kwamba elimu moja inaifukuza nyingine.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Kwa zaidi ya miaka 1,000 waganga walifuata maneno ya Galen, mganga mkubwa wa zamani za Warumi. Yeye alifundisha kwamba damu hutoka chumba cha kuume cha moyo na kuingia chumba cha kushoto kwa kupitia matundu madogo yasiyoonekana katika ukuta wa katikati. Hata Ibn Sina, ambaye kitabu chake ndicho kilichosomwa na waganga wote, aliamini kwamba kuna njia hapo.

Ibn al-Nafis aliandika sherehe ya kitabu hicho kabla ya mwaka 1242, naye akiwa bado kijana. Humo alisema wazi kwamba ukuta huo ni mnene na mgumu, wala hauna tundu lolote, la kuonekana wala la kufichika. Basi damu lazima itoke chumba cha kuume, ipite katika mshipa mpaka kwenye mapafu, ichanganyike na hewa huko, ndipo irudi katika chumba cha kushoto. Alisema pia kwamba ndani ya mapafu lazima kuwe na vijia vidogo kati ya mshipa unaopeleka na ule unaorudisha. Vijia hivyo vilionekana kwa hadubini mwaka 1661 tu, na Malpighi wa Italia.

Tazama adabu yake, ndugu yangu. Hakumtukana Galen, wala hakumdharau Ibn Sina. Alieleza kwamba umbo la viungo alilichukua kwa waliomtangulia, lakini kazi ya kila kiungo aliipima kwa fikira zake mwenyewe. Alimheshimu mwalimu, ila hakukubali kosa kwa sababu tu mwalimu ni mkubwa.

Alipougua ugonjwa wa mwisho, waganga wenzake walimshauri anywe mvinyo kama dawa. Alikataa, kwa kuwa hakutaka kukutana na Mola wake hali pombe imo mwilini mwake. Alifariki Kairo mwaka 1288. Nyumba yake na vitabu vyake vyote aliviachia hospitali ya Mansuri ya mji huo, ili wagonjwa na wanafunzi wanufaike.

Lakini hapa kuna huzuni. Kitabu kile kilinakiliwa, kikawekwa, kisha wengi wakausahau ugunduzi uliokuwamo. Katika karne ya 16 wanavyuoni wa Ulaya, Servetus mwaka 1553 na Colombo mwaka 1559, waliandika habari ileile ya damu na mapafu. Mwaka 1628 Harvey wa Uingereza alieleza mzunguko wa damu katika mwili mzima, jambo ambalo Ibn al-Nafis hakulifikia. Shuleni watoto walifundishwa majina hayo. Jina lake yeye halikutajwa, mpaka mwaka 1924 mwanafunzi wa Kimisri aliyesoma udaktari Ujerumani, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipoikuta nakala yake katika maktaba ya Berlin. Karibu miaka 700 ilikuwa imepita!

Ndugu msomaji, tusisome habari hii kwa kujisifu tu. Sifa za marehemu haziwezi kumtibu mgonjwa wa leo. Elimu yake haikuchomwa moto na adui. Ililala rafuni kwa sababu hatukuisoma. Basi wewe nyumbani kwako, mtoto wako, mvulana au msichana, akikuuliza kwa nini mambo yako hivi, usimnyamazishe. Kama hujui, mpeleke kwa anayejua. Akileta daftari lake la biolojia, usimwambie kwamba hayo si ya dini. Mwalimu huyu wa fiqhi aliyachukua yote mawili kwa mikono miwili.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn al-Nafis, na atujalie sisi na watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.