Baden-Powell: Buda Aliyegeuza Msitu Kuwa Darasa, Akaja Kulala Nyeri

Ukishuka matatu Nyeri uulizie kaburi la mzee wa maskauti, hukosi mtu wa kukuonyesha. Liko kwenye makaburi ya St. Peter's, na jiwe lake lina duara lenye nukta katikati. Kwa maskauti, hiyo ni alama ya njiani: msee ameshaenda nyumbani.

Jamaa ni Robert Baden-Powell. Alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857, na budake, profesa wa Oxford, akaaga yeye akiwa na miaka 3 tu. Shuleni Charterhouse, kilichombamba ni msitu uliokuwa kando ya shule. Alikuwa anahepa, anatega sungura na kuwapika kwa moto mdogo usio na moshi mwingi, ndio maodijo wasimnase. Shika hiyo stori, juu ndiyo ilikuja kuwa silabasi yake.

1876 akaingia jeshi, akapelekwa India. Kwa vita vya Makaburu alizingirwa Mafeking siku 217, kuanzia 1899 hadi 1900. Vijana wadogo wa huo mji walipewa kazi ya kupeleka ujumbe, na wakaiweza. Hapo akashika kitu: ukimwamini mtoi na kazi ya ukweli, anajituma.

Agosti 1907 akajaribu hiyo idea kisiwani Brownsea, Uingereza. Alichukua vijana karibu 20, wengine wa masonko, wengine wa mahasla, akawachanganya kwa vikundi vinne. Kila kikundi kiliongozwa na kijana mwenzao. Hakukuwa na ubao wala chaki. Walifunga mafundo, wakapika, wakafuata nyayo, wakajifunza huduma ya kwanza. 1908 akatoa kitabu, na vijana wakaanza kuunda vikundi wenyewe bila kungoja mtu mzima. Wasichana nao wakadai nafasi yao, na 1910 Girl Guides ikaanza, sistake Agnes akiwa mbele.

Lakini tusimsafishe sana. Huyu alikuwa mwanajeshi wa ukoloni. 1896 huko Matabeleland, Zimbabwe ya leo, aliidhinisha Chifu Uwini apigwe risasi akiwa ameshatekwa. Uchunguzi ulifanywa, akaponea. Na alipohamia Nyeri 1938, wenyeji walikuwa bado wanalilia mashamba yao yaliyochukuliwa na masetla.

Keja yake, Paxtu, ilijengwa pale Outspan, hoteli ya Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kumfanyia kazi kwa uskauti. Hapo alikaa na wifey Olave, akichora na kuandika, Mlima Kenya ukiwa mbele yake. Aliaga tarehe 8 Januari 1941, akiwa na miaka 83. Olave alipofariki 1977, majivu yake yaliletwa Nyeri, yakazikwa na mzee.

Siku hizi mzazi akiambiwa na CBC atafute maboksi na gundi usiku, analia na gharama, na ako na haki. Lakini swali la Brownsea bado liko: mtoi anajua kitu akikikariri, ama akikifanya? Kila Februari maskauti wanafurika Nyeri kumkumbuka mzee. Wengi wao ni wajukuu wa watu ambao mkoloni hakuwaamini na chochote. Leo ndio wanaongoza gwaride.