Mwana wa Unguja Tusiyemsikiliza

Mnamo mwaka wa 1996, nikiwa mwanafunzi wa shule ya upili, mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi Nairobi alirejea nyumbani Musanda na kanda moja isiyo na jalada wala maandishi. Umeme ulikuwa haujafika bomani kwetu. Tulianika betri kuukuu juani zipate nguvu ya nusu saa, kisha tukaketi kando ya shamba la miwa tusikilize. Upande wa kwanza ulikuwa na muziki wa mashine: mdundo mmoja usiochoka, na juu yake sauti ambazo hazikuwa za gitaa wala za kinanda nilichokijua kanisani. Ilinichukua miaka kufahamu kwamba hao walikuwa Kraftwerk, Wajerumani wa Düsseldorf. Upande wa pili kulikuwa na wimbo wa takriban dakika sita ulioanza kama kwaya, ukawa maombolezo, ukageuka opera, ukalipuka kwa magitaa, kisha ukafifia taratibu. Katikati yake nilisikia neno la Kiarabu ambalo jirani zetu Waislamu wa Mumias hulitamka kabla ya kula. Nikamwuliza mjomba mwimbaji ni nani. Akaniambia ni mtu wa Zanzibar. Sikumsadiki.

Mjomba alikuwa amesema kweli. Freddie Mercury alizaliwa Unguja mnamo Septemba 5, 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat na wafuasi wa dini ya Zoroasta. Baba alishika kazi ya fedha katika serikali ya kikoloni ya Waingereza. Jina la ukoo lenyewe ni ramani, kwa kuwa linatokana na mji wa Bulsar, ambao siku hizi huitwa Valsad. Sisi wa Mumias hatupaswi kulishangaa jambo hili. Misafara iliyotoka pwani kuelekea Uganda ilipumzika kwa Nabongo Mumia, ikatuachia dini, kanzu na Kiswahili. Watu na majina wamekuwa wakisafiri katika ukanda huu tangu kale.

Alipotimiza umri wa miaka minane hivi, Farrokh alipelekwa bweni huko Panchgani, India, shule ya Kiingereza milimani. Huko ndiko alikojifunza piano, akaunda bendi na wenzake, na wenzake wakaanza kumwita Freddie. Alirudi Unguja mwaka wa 1963. Mwaka uliofuata, Januari 12, yakazuka Mapinduzi. Watu wengi waliuawa, Waarabu na Wahindi wengi wakaihama nchi, na jamaa ya Bulsara ikawa miongoni mwao. Kijana alikuwa na miaka 17. Tunapojivunia kuzaliwa kwake hapa, aghalabu tunasahau kueleza aliondokaje.

London haikuwapokea kwa zulia. Waliishi Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, naye akasomea sanaa ya michoro katika chuo cha Ealing hadi 1969. Baada ya hapo aliuza mitumba katika soko la Kensington pamoja na Roger Taylor, mpiga ngoma. Mwaka wa 1970, wawili hao na mpiga gitaa Brian May wakaanzisha Queen. John Deacon akajiunga nao 1971. Ni wakati huohuo Bulsara alipojiita Mercury. Wapo wanaomlaumu kwa kuitupa asili yake. Mimi nafundisha isimu, na sioni kosa la mtu kujipa jina. Nusu ya wanafunzi wangu wana jina la nyumbani, jina la ubatizo na jina la mtaani.

Sasa nifike kwenye kazi yake, maana ndiyo inayosahaulika. Miaka ya sabini Ulaya ilikuwa miaka ya majaribio. Redio ya Cologne ilikuwa imefungua studio ya muziki wa elektroniki tangu 1951, na wawili kati ya waasisi wa bendi ya Can, iliyoundwa 1968, walikuwa wamesoma kwa Stockhausen, mtunzi aliyefanya kazi katika studio hiyo. Mmoja wao, Holger Czukay, alikata na kuunga tepu za bendi hadi zikawa nyimbo. Berlin walikuwapo Tangerine Dream na sintesaiza zao. Queen hawakuhesabiwa katika kundi hili. Kinyume chake, majalada ya santuri zao za miaka hiyo yalijigamba kwamba hakuna sintesaiza iliyotumika. Hata hivyo, tukiacha fahari ya majalada, tutawakuta katika karakana ileile. Kwao pia kinasa sauti kilikuwa ala ya muziki.

Chukua ule wimbo wa kanda ya mjomba, Bohemian Rhapsody, wa mwaka 1975. Mwalimu yeyote aliyewahi kuandaa kwaya kwa mashindano ya muziki ya shule anajua taabu ya kupata besi ya kutosha. Mercury, May na Taylor hawakutafuta kwaya. Waliimba wenyewe sauti moja, wakairudisha tepu, wakaimba nyingine juu yake, kisha nyingine, hadi sehemu ya opera ikafikia tabaka zipatazo 180. Tepu yenye njia 24 haiwezi kubeba zote, hivyo waliziunganisha na kuzihamisha tena na tena. Inasimuliwa kwamba tepu ilipita mashineni mara nyingi hata unga wake ukachakaa, na mwanga ukaonekana upande wa pili. Kazi hiyo ilichukua yapata wiki tatu. Wakubwa wa kampuni waliona wimbo ni mrefu mno kwa redio. Ukakaa kileleni Uingereza wiki tisa.

Baadaye Mercury aliwafuata Wajerumani hadi kwao. Queen walirekodi Munich katika studio ya Musicland, iliyoanzishwa na Giorgio Moroder, na katika albamu ya The Game ya 1980 hatimaye waliikubali sintesaiza. Mwaka wa 1984 Mercury alitoa wimbo na Moroder mwenyewe, kwa ajili ya toleo jipya la Metropolis, filamu ya Kijerumani ya 1927. Si kazi zote za kipindi hicho zinazonipendeza. Albamu ya Hot Space ya 1982 ina nyimbo ambazo ningefurahi kuziruka.

Wala simfanyi malaika. Oktoba 1984 Queen walitumbuiza Sun City, wakipuuza mgomo wa Umoja wa Mataifa dhidi ya ubaguzi wa rangi, na mzaliwa wa Afrika ndiye aliyeshika maikrofoni. Miezi tisa baadaye, Julai 13, 1985, mtu huyohuyo alisimama Wembley katika tamasha la kuwachangia wenye njaa Ethiopia, na kwa dakika 20 hivi akawashika watu zaidi ya 70,000 mkononi.

Alifariki Novemba 24, 1991, kwa homa ya mapafu iliyotokana na Ukimwi, akiwa na miaka 45. Siku moja tu kabla ya hapo ndipo alipoutangazia ulimwengu ugonjwa wake. Alichomwa baada ya ibada ya dini ya wazazi wake.

Mwaka wa 2006, sherehe iliyopangwa Zanzibar ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe ilifutwa baada ya kundi la Kiislamu kuipinga kwa sababu ya maisha yake ya mapenzi. Mwaka wa 2019 jumba la makumbusho kwa jina lake likafunguliwa Mji Mkongwe, na watalii wakaanza kupigwa picha mlangoni. Waliompinga walimtazama chumbani, na wanaojivuna naye wanatazama cheti chake cha kuzaliwa. Pande zote mbili zimeiacha kanda bila kuisikiliza.

Mjomba alifariki mwaka wa 1998, mwaka mmoja kabla ya Rais Moi kuutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Matangani tuliambiwa ni kifua. Watu wazima walikuwa wanajua, sisi vijana tulikuwa tunajua, na hakuna aliyetamka neno. Kanda yake ninayo hadi leo. Upande wa Wajerumani umekwisha kuharibika, lakini ule mwingine bado unasikika, ingawa mahali pa opera tepu imelegea na zile sauti zote zinayumba.